Vidonge vya Ramadhani Havilipwi

Nadhira anakaa Mlingotini, nyumba ya pili kutoka msikitini. Ni mpishi wa vitumbua. Alfajiri anawasha jiko, na jua likichomoza watoto wa shule wamekwisha jazana barazani kwake na sahani zao. Mumewe, Twalib, ni fundi wa mashine za boti huko Mbegani. Anaondoka asubuhi kwa pikipiki, anarudi jioni mikono inanuka dizeli. Mama mkwe, Bi Biubwa, analima mwani. Maji yakitoka yuko shambani kwake baharini, maji yakijaa yuko uani anaanika. Ni watu wa kawaida, kila mmoja na shughuli yake, hawana makuu.

Mtoto wao wa kwanza ni Muzammil. Alizaliwa kwa upasuaji, na haukuwa upasuaji mwepesi. Nadhira alikaa na uchungu kutwa kucha, mwishowe akakimbizwa hospitali. Alipoteza damu nyingi, akaongezwa ya watu wengine. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaita mke na mume, akasema nao taratibu. Mshono wa kizazi unahitaji muda kupona. Nadhira asishike mimba nyingine mpaka Muzammil atimize miaka miwili. Akishika mapema, mshono unaweza kuachia wakati wa uchungu, na hapo mama na mtoto wote wawili wako hatarini. Twalib aliyasikiliza maneno hayo akiwa amesimama. Nadhira anasema alimwona akipapasa nyuma kutafuta kiti.

Kwa hiyo, Nadhira alipopeleka mtoto kliniki, aliomba njia ya uzazi wa mpango. Nesi Shufaa, mama mtu mzima, mwenyeji wa Kerege, alimweleza njia zote moja moja. Nadhira akachagua vidonge. Kwa sababu ananyonyesha, alipewa vile vya kichocheo kimoja, ambavyo havikaushi maziwa wala havimdhuru mtoto. Nesi akampa masharti yake. Kila siku kidonge kimoja, saa ile ile. Pakiti ikiisha leo, kesho unaanza nyingine, hakuna kupumzika. Hedhi inaweza kwenda ovyo au isionekane kabisa, na hilo si ugonjwa. Tena vidonge havizuii Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Mwisho akamwuliza ni saa ngapi huwa ametulia nyumbani. Nadhira akasema saa saba mchana, vitumbua vimekwisha, chakula kimeiva.

"Basi iwe saa saba," nesi alisema. "Usiibadilishe."

Nadhira hakuibadilisha. Ni mtu wa kushika neno, ukimwagiza chumvi hakuletei sukari. Sinia likitua mkekani saa saba, kidonge kinatangulia, wali unafuata. Miezi ikaenda hivyo bila tatizo.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama. Bi Biubwa alimkumbusha mkwewe kwamba mama anyonyeshaye ana ruhusa ya kula, siku zake akazilipa baadaye. Nadhira akasema anajiona ana nguvu, atafunga. Muzammil alikuwa amekwisha anza uji. Vitumbua vya asubuhi vikasimama, jioni ikawa kazi ya kaimati na tambi za futari.

Siku ya kwanza ya mfungo, saa saba ilipofika, Nadhira alishika pakiti mkononi akafikiri. Mchana huu hawezi kumeza kitu. Saa nyingine nesi amekataza. Hakukaa sana na jambo hilo, maana aliona jibu lake analo. Mwanamke aliyekosa kufunga kwa sababu ya hedhi hulipa baada ya Idi. Mgonjwa hulipa. Msafiri hulipa. Basi na vidonge navyo vitalipwa. Akairudisha pakiti kabatini, akaenda kulala na mtoto.

Msomaji, usimcheke. Alikuwa anatii amri mbili kwa pamoja, na mtu anayetii huwa hana wasiwasi. Twalib naye hakuuliza. Siku ile hospitali alikuwa ameogopa, lakini vidonge vilipoingia nyumbani aliona kazi imekwisha, ni ya mke. Mchana walifunga. Usiku walikuwa mke na mume kama siku zote.

Idi ikapita, Nadhira akaanza kulipa. Asubuhi kimoja, saa saba kimoja. Siku akijisikia vizuri anaongeza na cha usiku, deni lipungue upesi. Haukupita muda, kichefuchefu kikamwanza. Harufu ya mafuta ya kukaangia, aliyoizoea tangu yu mtoto, ikawa inamtoa jikoni. Bi Biubwa aliona, akauliza. Nadhira akasema ni uchovu wa mfungo. Bi Biubwa amezaa mara saba, na habari ya uchovu hakuiamini hata kidogo.

Siku ya kliniki ikafika. Nadhira alimwamkia nesi Shufaa, akamweka Muzammil kwenye mzani. Mtoto alikuwa ameongezeka vizuri. Nesi akafungua kabati, akatoa pakiti mpya za vidonge, akamsogezea. Nadhira akazirudisha kwa adabu.

"Bado ninavyo, nesi. Nikimaliza kulipa nitakuja kuchukua."

"Kulipa nini?"

"Vile vya Ramadhani. Nilikuwa nimefunga, saa saba nisingeweza kumeza. Sasa navilipa, viwili viwili."

Nesi Shufaa aliweka kalamu mezani. Hakupandisha sauti. Alimwomba mama aliyefuata asubiri kidogo, akafunga mlango, akaja kukaa upande huu wa meza, karibu na Nadhira.

"Mama Muzammil," alisema, "vidonge havilipwi."

Akamweleza kwa maneno mepesi. Kidonge hiki hufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za mwanamume zisipite. Kwa wanawake wengine huzuia na yai lisitoke. Lakini nguvu yake ni ndogo, inatosha siku moja tu. Ukichelewa zaidi ya muda wa saa tatu, ute unaanza kulegea na njia inafunguka. Kidonge cha leo kinakulinda leo. Hakiwezi kurudi nyuma kuilinda wiki iliyopita, hata ukimeza pakiti nzima.

"Kwa hiyo Ramadhani yote?" Nadhira aliuliza.

"Ramadhani yote hukuwa na kinga. Ulikuwa na pakiti kabatini."

Nadhira aliogopa. Aliogopa hasa. Ilimjia ile chupa ya damu ya watu, ikamjia sauti ya daktari akisema mshono unaweza kuachia. Akamtazama Muzammil anayechezea kamba ya mzani, akawaza nani atamlea. Kisha akauliza kichefuchefu hiki ni cha nini.

Nesi hakumficha. Huenda ni wingi wa vidonge, maana ukivimeza kwa fungu havina sumu lakini vinasumbua tumbo. Huenda pia ni mimba. Hedhi haiwezi kuwaambia lolote, kwani kwa mama anyonyeshaye na kumeza vidonge hivi, kukosa damu ni jambo la kawaida. Kitakachosema ni kipimo.

Kipimo cha mkojo kikaonyesha hakuna mimba. Nadhira alikwisha anza kumshukuru Mungu, nesi akamwomba asubiri kwanza. Mimba ikiwa changa mno, kipimo hakiioni. Arudi baada ya wiki mbili apimwe tena, hapo jibu litakuwa la kutegemewa. Kwa sasa aache kulipa, ameze kimoja kwa siku kama mwanzo. Ikitokea mimba ipo, vidonge hivi havimdhuru mtoto aliye tumboni.

"Na saa tutaibadilisha," nesi alisema. "Mimi nilikwambia usibadilishe, wala sikukuuliza habari ya kufunga. Hilo ni langu. Tangu leo utameza wakati wa adhana ya magharibi. Kwetu huku magharibi haisogei sana mwaka mzima, na Ramadhani ndiyo saa ya kufuturu. Leo umekwisha meza cha asubuhi, meza na cha magharibi, ili pengo lisiwepo. Kuanzia kesho ni magharibi tu. Na ukirudi, njoo na Baba Muzammil. Daktari hakukuambia peke yako."

Jioni ile Nadhira aliyasema yote, bila kupunguza. Twalib akasema kwa ukali kwamba maelekezo alipewa yeye Nadhira, si mtu mwingine. Nadhira akainama. Bi Biubwa, ambaye kwa kawaida mambo ya chumbani kwa mwanawe hayagusi, safari hii aliyagusa.

"Mwezi mzima mmefuturu sinia moja," alimwambia Twalib. "Umeuliza kaimati zimeuzwaje, umeuliza pikipiki imewekwa wapi. Dawa ya mkeo hujaiuliza hata siku moja. Nilizaa mfululizo kwa kutojua, na wawili niliwazika. Ninyi mmeambiwa na daktari."

Twalib aliinuka. Alitoka, akakaa barazani, na aliporudi alimwomba mkewe radhi mbele ya mama yake. Kwa mwanamume wa mji ule hilo si jambo dogo.

Zile wiki mbili zilikuwa ndefu. Kichefuchefu kiliondoka mara tu Nadhira alipoacha kulimbikiza vidonge. Hiyo ilimpa moyo, lakini haikumpa jibu. Alipika vitumbua vyake, akawacheka watoto wa shule kama kawaida, na akiwa peke yake jikoni aliweka mkono tumboni juu ya kovu. Twalib sasa alikuwa anafika nyumbani kabla ya adhana. Muadhini akianza tu, yeye ndiye anayeleta maji ya kumezea, kwa uso wa mtu aliyepewa zamu ya ulinzi.

Wakarudi zahanati pamoja. Wakati kipimo kinasubiriwa, Twalib alianza maswali ya kifundi. Je, akitapika? Nesi akasema akitapika kabla saa mbili hazijapita, ameze kingine. Je, akisahau? Akikumbuka tu ameze hapo hapo, cha siku hiyo akimeze kwa saa yake hata kama vitakuwa viwili kwa siku moja, na aendelee kama kawaida. Hilo ni la kidonge kilichosahaulika sasa hivi, si la kulimbikiza mwezi. Na ikiwa amechelewa zaidi ya saa tatu, watumie kondomu siku mbili. Hapo Twalib akaanza kukagua dari. Nesi Shufaa akamsogezea boksi la kondomu, akaendelea kueleza kama muuza duka anayempimia mtu mchele. Akawakumbusha pia kwamba dawa za kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge. Kwa hiyo Nadhira akipewa dawa yoyote mpya, amtajie mtoa dawa kuwa anatumia vidonge vya uzazi wa mpango.

Kisha akakitazama kipimo. "Hakuna mimba," alisema. "Sasa unaweza kushukuru."

Nadhira alilia pale pale kitini, bila kujificha. Twalib alimchukua Muzammil, akatoka nje kumpigia simu mama yake, akashindwa kusema, ikabidi Nadhira aipokee simu yeye.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Shaaban, nesi Shufaa alikuwa na swali jipya. Kila mama aliyekuja kuchukua vidonge aliulizwa, Ramadhani utameza saa ngapi? Nadhira alikuwepo kwenye benchi siku ya kwanza, akawasimulia wenzake yaliyompata. Wakamtania weee. Mmoja akamwuliza kama na kitumbua kikikosekana anakilipa. Lakini Bi Mwanamvua, aliyekaa mwisho wa benchi, hakucheka. Aliomba aingie ndani yeye kwanza, na nesi akafunga mlango tena.

Nadhira akafunga Ramadhani hiyo bila pengo hata moja, na nyingine iliyofuata. Muzammil akatimiza miaka miwili, akaipita, akawa anawabebea wateja sahani za vitumbua na kumwaga nusu. Miezi michache baada ya Idi ya mfungo mosi, Nadhira alikuja zahanati asubuhi, akaomba apimwe mimba.

Nesi Shufaa alikitazama kipimo, akarudia kukitazama. Mistari miwili. Akavuta kiti akaja kukaa upande ule wa meza. Kwa upole, kama mtu anayejiandaa kutoa habari mbaya, akauliza ni siku gani alichelewa kidonge.

"Sikuchelewa, nesi," Nadhira alisema. "Mtoto amekua, na daktari ameniangalia, amesema mshono umepona. Mimi na Twalib tukakaa, tukasema sasa. Nikaacha, na mwezi wa pili tu ndiyo hii. Niandikie nitajifungulia hospitali. Hii tumeitaka wenyewe."