Sauti Aliyoizima Biti

Wimbo ulikuwa na pumzi ambayo hakuna aliyeiweka.

Aliyeisikia kwanza ni Msasa, waliyempa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzing'arisha nyimbo za maprodyuza wenzake kabla hazijatoka. Mchana ule alimpigia Biti, mwenye wimbo.

"Kaka, nani anahema chini ya kiitikio?" alinong'ona.

"Hakuna mtu. Wewe iondoe tu."

"Niiondoe vipi? Wewe kwenye miksi kila sauti ina mstari wake, unampandisha huyu, unamzima yule. Mimi kwenye masta, hatua ya mwisho, naletewa wimbo mzima ulioshikana. Chai ikishatiwa sukari, utaitoaje? Nikipandisha, wanapanda wote. Na huyu wako anapanda hata nisipogusa! Hili ni jini, kaka. Rudi kwenye miksi yako."

Biti alikata simu. Wa kusema jini aseme. Yeye alijua ni nani. Mdogo wake wa kike alirekodi kiitikio kile akiwa mgonjwa, ameshikilia kiti asianguke, na haikupita wiki akafariki. Sauti ilikuwa imechoka. Biti, mpenda sifa wa kupindukia, aliona haya kutoa wimbo wenye sauti ya mgonjwa. Akaizima, akamwimbisha binti mwingine mwenye jina mjini. Mama yao alipouliza kama bintiye yumo kwenye wimbo, Biti akamwambia, "Yumo, mama. Ukikamilika utamsikia." Tangu hapo mama alikuwa akiungoja wimbo huo tu.

Alifungua miksi kwenye kompyuta ya studio yake, chumba cha uani nyumbani kwa mama. Mstari wa mdogo wake ulikuwa umezimwa vilevile. Akaufuta kabisa, na aibu ikamkaba kwa mara ya pili.

Akaucheza wimbo. Harufu ya dawa ya kuchua waliyokuwa wakimpaka marehemu kifuani ikaanza kutoka kwenye spika, kisha pumzi, nzito, ya karibu, ikipanda huku ngoma zikififia na yule binti mwenye jina akimezwa neno kwa neno, hadi chumba kizima kikabaki na sauti moja, na kidole cha Biti kikawa kimeganda juu ya kipanya, hakiwezi hata kuusimamisha.

Mlango ukafunguliwa. Mama akaingia, macho yamejaa machozi ya furaha.

"Ndiye! Ndiye mwanangu! Kweli hukunidanganya, baba."

Biti alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama akasogea kwenye spika, akatega sikio. Tabasamu likamfifia polepole.

"Mbona haimbi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Anakuuliza kwa nini ulimzima."

Biti alifungua mdomo awaombe radhi wote wawili. Midomo ilicheza, lakini hakuna sauti iliyotoka. Akajishika shingo, akageukia kompyuta. Pale alipofuta palikuwa na mstari mpya wenye jina lake mwenyewe, nao ulikuwa umezimwa.