Sululu wa Saba

Nilikuwepo. Akija mtu kuwasimulia vingine, mkatalieni. Nilikaa kona ya kibanda cha kutazamia ndege, kule Uingereza, kwenye matete ya mto Severn, namenya yai. Na macho yangu haya humwona kozi angani kabla kozi hajaniona.

Clement Hodnett alimleta mdogo wake Norris, aliyekuwa na siku kumi na moja tu tangu atoke hospitali, pafu limeshonwa. "Baridi itakuzibua kifua," alimwambia njia nzima ya msituni, barafu ikipasuka chini ya buti.

Saa tisa na nusu, jua la Desemba likaanza kuzama. Ukungu ukafunika tope. Humo ukunguni... filimbi.

Sululu, wale ndege wa topeni wenye midomo mirefu. Clement akahesabu kwa vidole. Sita.

"Basi, kaka," Norris akanong'ona. "Mama alisemaje? Wakifika sita, funga domo. Wanamtafuta wa saba, na wa saba ni mtu."

"Mama alisema pia ganda la mkate huotesha nywele. Hebu shika kipara chako."

Ila Clement ana mwiko wake: ndege aliyesikika tu haandikwi katika daftari lake la ndege wa mwaka, mpaka aonekane. Na mwaka ulikuwa unaisha usiku huo, sululu hajaandikwa. Akabana midomo, akawaigiza ili wasogee.

Ukungu ukanyamaza.

Kisha filimbi ya saba ikajibu. Haikutoka kwenye tope.

Ilitoka ndani ya kibanda.

Clement akageuka polepole. Norris alikuwa amefumba mdomo. Mlio ulitoka kifuani, penye mshono, mwembamba, mtamu...

"Si mimi, kaka," akasema. Na chini ya maneno yake, filimbi ikaendelea.

Mabawa. Harufu ya tope bichi. Midomo sita, mirefu, iliyopinda, ikapenya dirishani. Ikamwelekea Norris.

Clement akaichapa kwa kofia, akambeba mdogo wake mgongoni, mbio mpaka barabarani. Daftari alilisahau.

Daktari alisema mshono ulikuwa unavuja hewa. Sawa, yeye kasoma kunishinda. Lakini Februari Norris alifia kitandani kwake, usingizini. Na Clement, akisikia sululu sasa, huziba masikio kabla hawajafika sita.

Jambo moja nimelitunga, kwa kumhurumia Clement: hilo la kufia kitandani. Kitanda kilikutwa kitupu, dirisha wazi. Shukani palikuwa na nyayo za tope. Zilizoingia, za ndege sita.

Zilizotoka, saba.