Kidoti na Maandishi ya Kaburini

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kupiga deki, Kidoti na binamu yake walicheza mchezo wa video kwenye televisheni ya sebuleni. Waliingia katika makaburi ya wafalme wa kale, wakiona kila kitu kwa macho ya shujaa: mwenge mkononi, ngazi za mawe, kuta zenye maandishi. Binamu alisoma maandishi kwa sauti, Kidoti akamwongoza shujaa.

Siku moja binamu aliitwa jikoni kumenya viazi.

"Endelea," alisema. "Lakini soma ukuta kwanza. Tukifa humu, tunaanza upya."

Kidoti alikodoa macho. Aliona ukungu mtupu. Angesogea karibu, lakini shangazi alikuwa palepale akishona, naye angegundua kuwa haoni vizuri. Akabahatisha mlango wa kulia. Shujaa alitumbukia shimoni, na kazi ya Jumamosi nyingi ikapotea.

Binamu alikuja mbio, kiazi mkononi. "Pameandikwa kulia kuna shimo! Herufi kubwa kama sahani! Umefanya kusudi!"

"Ndiyo, kusudi," Kidoti alijibu, machozi yakimlengalenga.

Cherehani ilinyamaza.

"Kusudi gani hilo la kutoa machozi?" shangazi aliuliza. "Hebu nisomee kalenda ile. Mwezi gani?"

"Ule wenye picha ya twiga."

"Ukurasa wa twiga niliugeuza asubuhi, mwanangu. Sasa kuna meli."

Kidoti aliinamisha kichwa. "Sioni, shangazi. Hata darasani nanakili kwa jirani. Niliogopa wataniita Macho Manne."

Binamu alikitazama kiazi chake. "Si ungeniambia? Nisingekufokea."

Jumatatu shangazi alimpeleka kliniki ya macho, na baada ya siku chache Kidoti akavaa miwani. Wenzake wawili walimcheka, kisha wakachoka. Yeye alianza kunakili ubaoni mwenyewe, na Jumamosi akarudi makaburini na binamu yake, wakaanza mchezo upya kutoka hatua ya kwanza.

Shangazi aliwatazama huku akitunga uzi kwenye sindano.

"Kidoti, ulikubali kuonekana mbaya kuliko kusema huoni. Ukaumia, ukagombana na ndugu yako, na masomo yakakupita. Mwili ukikusumbua, sema siku hiyohiyo. Mimi ni fundi wa nguo, si mpiga ramli."