Masikio ya Ylva

Ylva alikuwa akivuta kofia yake ya sufu mpaka mashavuni kila babu yake alipowasha televisheni. Watu wa nyumbani walidhani anaona baridi. Mimi, mama yake, niliona kwamba anaivuta hata moto ukiwa umekolea jikoni. Alikuwa na miaka minne. Hakuwa bado na maneno ya kusema kwamba sauti inamuumiza.

Babu yake ni Gudleik, baba mkwe wangu. Alifanya kazi katika kiwanda cha meli tangu ujana wake, akigonga na kukata chuma. Siku hizo vijana wa kiwandani hawakuvaa kitu masikioni. Aliyevaa alichekwa. Leo sikio lake la kulia halisikii kabisa. La kushoto lilikuwa likisikia ukilisogelea. Ndiyo maana televisheni yake ilikuwa ikisikika mpaka kwa jirani.

Kwetu pwani ya Norwe, Jumamosi ni siku ya mpira wa Uingereza. Imekuwa hivyo tangu enzi za televisheni zisizo na rangi. Gudleik alikuwa mtoto alipoiona timu ya mji wa Aldersby ikifungwa mabao manne kwenye matope. Wenzake wote walichagua timu iliyoshinda. Yeye aliwahurumia waliofungwa, akawa mtu wao mpaka leo.

"Babu, timu yako inafungwa kila wiki," mwanangu Brage humtania. Brage ana miaka saba.

"Si kila wiki," babu hujibu. "Wiki nyingine hawachezi."

Alikuwa hajawahi kufika Aldersby. Kila mwaka palitokea jambo la kumzuia. Kisha majira ya baridi yaliyopita alituambia, tukiwa mezani, kwamba sikio lake la kushoto linazidi kufifia. Alitaka kwenda na wajukuu wake kabla halijaziba. Mashabiki wa Aldersby wana wimbo wao, nao huuimba uwanja mzima. Gudleik alijifunza wimbo huo mbele ya televisheni. Alitaka ausikie mara moja kwa sikio lake mwenyewe, wajukuu wakiwa pembeni yake.

Mume wangu, Håvard, alikuwa kazini kwenye mtambo wa mafuta baharini. Kwa hiyo tulisafiri sisi wanne.

Nilipokuwa nikipanga mizigo nilitia vikinga masikio vya watoto. Ni vile vikombe viwili vya plastiki vyenye sponji, vilivyoungwa kwa utepe wa juu ya kichwa. Watoto wetu huvivaa usiku wa fataki za mwaka mpya, na babu yao anapokata kuni kwa mashine. Gudleik aliviona, akavitoa kwenye begi.

"Oddny, unampeleka mtoto mpirani halafu unamziba masikio?" aliniuliza. "Kwani anakwenda kutazama samaki kwenye kioo?"

Brage alicheka. Mimi nilifunga begi. Mimi si msemaji, na Gudleik ndiye mwenye safari. Vikinga masikio vilibaki kwenye msumari karibu na mlango.

Siku ya mechi tulifika uwanjani mapema. Tulikula mikate yetu tuliyoifunga kwenye karatasi, jibini la kahawia katikati, huku watu wote waliotuzunguka wakila pai za nyama. Gudleik alikuwa na furaha ya mtoto. Aligusa kiti chake, akagusa ukuta, akamwonyesha Brage goli ambalo matope yale ya zamani yalikuwa mbele yake. Viti vyetu vilikuwa chini ya spika kubwa. Safu chache nyuma yetu vijana walikuwa na ngoma. Gudleik alisema tumepata bahati.

Kisha spika iliwaka. Ngoma zikaanza. Wachezaji walipotokea, maelfu ya watu walipaza sauti kwa pamoja.

Ylva alipiga yowe, lakini sikulisikia. Niliona tu mdomo wake wazi. Alikuwa ameshika masikio yake kwa mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa umejikunja. Nilimwinamia Gudleik nikamwambia kwamba mtoto anaumia. Hakunisikia. Nilipomwonyesha kwa kidole, alisema kwa sauti kubwa kwamba atazoea, kila mtu huzoea.

Nilimbeba Ylva nikatoka naye. Nilipogeuka nyuma, niliona Gudleik akitutazama tukienda. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni.

Chini ya ngazi palikuwa na ukumbi mrefu wenye utulivu kidogo. Mhudumu mmoja wa uwanja, mama mtu mzima mwenye koti la njano, alikuwa amesimama mlangoni. Sisi kwetu hatuzoei kumsumbua mtu tusiyemjua. Tena shule niliiacha mapema, na Kiingereza changu nimekiokota kwenye televisheni. Kwa hiyo nilikwenda kusimama kwenye kona, nimempa mgongo.

Yeye ndiye aliyenifuata.

"Mwanangu, huyo analia njaa au analia kelele?"

"Kelele," nilisema.

"Basi anasema kweli. Hebu msikilize."

Jina lake lilikuwa Doreen. Alituketisha kwenye benchi, akamfuta Ylva machozi, akanieleza polepole ili nimwelewe. Alisema ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana, navyo ndivyo vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huvilaza na kuviua. Vikishakufa havioti tena, na hakuna daktari wa kuvirudisha. Mtu mzima huumia vilevile, ila yeye anaweza kuondoka. Mtoto hukaa pale alipowekwa.

Nilimuuliza nitajuaje kwamba kelele imezidi. Alinyoosha mkono wake ukagusa bega langu.

"Mtu akiwa hapa, nawe unalazimika kupiga kelele ndipo akusikie, ujue imezidi. Na mtoto akiziba masikio au akivuta kofia, usimwambie atazoea. Hazoei. Anapoteza."

Nilimwambia tuna vikinga masikio, ila vimebaki nyumbani. Nilitaka kujua kama pamba itafaa. Doreen alisema pamba haizuii kitu. Vile vizibo vidogo vya kusukumwa ndani navyo havimfai mtoto mdogo, maana anaweza kuvitia mdomoni vikamkaba. Alifungua kabati lililokuwa nyuma ya mlango. Ndani yake vilining'inia vikinga masikio vya watoto. Alisema watu wengi huja na wajukuu na kusahau, kwa hiyo wao huviazima. Alinipa jozi mbili, kwa sababu masikio ya Brage nayo yalikuwa ni masikio. Alimfungia pia Ylva mkononi utepe wa karatasi wenye namba yangu ya simu, akanipa mwingine wa Brage, wasije wakapotea wakati wa kutoka. Kisha alisema kuna viti vitupu upande wa familia, mbali na spika na ngoma. Tukitaka, atatupeleka.

Nilibaki na kazi moja, nayo ndiyo niliyoiogopa. Nilikuwa sijawahi kumpinga baba mkwe wangu hata kwa neno dogo.

Nilimwacha Ylva na Doreen, nikapanda ngazi. Gudleik alikuwa ameketi, mikono mapajani. Brage alikuwa ameziba sikio moja na kujifanya anajikuna. Nilisogea upande wa kushoto wa baba mkwe wangu. Ili anisikie ilinibidi nipaze sauti kuliko nilivyowahi kuipaza maishani.

"Baba, wewe kelele zilikunyang'anya masikio. Wajukuu wako huwasikii wakikuita. Unataka na Ylva asisikie wajukuu wake?"

Watu wa mbele yetu waligeuka. Hawakujua lugha yetu, lakini walijua ni ugomvi wa nyumbani, wakageukia tena uwanjani. Nilidhani nimeiharibu siku ambayo Gudleik aliingoja tangu utotoni.

Alimgeukia Brage, akautoa mkono wa mtoto sikioni taratibu, akamuuliza kama linauma. Brage aliitikia kwa kichwa. Kisha Gudleik alisimama.

"Hapa vikinga masikio tutavipata wapi?" aliniuliza.

Kule chini kwa Doreen alipiga magoti mbele ya Ylva. Alitaka kumvika vikinga juu ya kofia. Doreen alimzuia, akamwonyesha kwamba sponji lazima igusane na ngozi pande zote, bila nywele na bila kofia katikati. Nilimtafsiria nikiwa karibu na sikio lake. Gudleik alimvua Ylva kofia, akazipeleka nywele nyuma kwa vidole vyake vinene vya kiwandani, akamvika vikinga, akarudisha kofia juu yake. Alifanya vivyo hivyo kwa Brage.

"Nilikuwa nawaita waoga," alisema. "Wale waliovaa kiwandani. Hao mpaka leo wanasikia."

Tulihamia upande wa familia. Mwanzoni Ylva alijificha kwenye koti langu. Baadaye alitoa jicho moja. Kipindi cha pili kilipoanza alikuwa amesimama kwenye mapaja ya babu yake, akiwapungia mikono wachezaji wa timu zote mbili. Aldersby walifungwa bao, wakasawazisha dakika za mwisho. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Ylva aligeuka akamtazama babu yake usoni, akaona anacheka, naye akacheka.

Sasa vikinga masikio hukaa mfukoni mwa begi la safari, na Gudleik ndiye anayevikagua. Siku ya taifa, gwaride la tarumbeta lilipopita kwetu, alisimama na kuwaambia akina babu wenzake wawazibe wajukuu masikio. Walipomcheka, hakuwajali. Yeye mwenyewe alikubali kwenda hospitali, akapewa vifaa vidogo vya kumsaidia kusikia. Televisheni imeshuka sauti. Ylva hataki tena kofia ndani ya nyumba.

Kwa kuwa sasa anasikia, lipo jambo ninaloweza kumwambia.

Baba, baada ya lile bao la kusawazisha waliimba wimbo wako. Uliinuka na kuimba nao, macho umeyafumba. Uliponiuliza baadaye waliimba vipi, nilijibu kwamba waliimba vizuri, basi. Sikukuambia kwamba walinyamaza. Refa alikuwa ameanzisha mpira, na upande wetu wote ulikuwa kimya ukitazama. Wewe hukusikia. Uliendelea peke yako, kwa maneno yao na matamshi ya kwetu, sauti yako ikipanda mahali wao wanaposhuka. Watu waligeuka. Nilingoja wakucheke. Mzee mmoja wa safu ya mbele akavua kofia yake, akaanza kuimba nawe kuanzia pale ulipofika. Mkewe akafuata, na safu yao, na safu ya nyuma yetu, polepole, wakikungoja wewe. Hawakukuacha mpaka ulipomaliza.