Mtu wa Tatu Chumbani

Jioni ile Royce Tidwell alitoka nyumbani na vitu viwili: chupa ya chai baridi yenye sukari ya kuuma meno, na andazi la kujazwa tunda la pichi, bado la moto ndani ya karatasi yake. Alikuwa anampelekea mkewe. Jua la Alabama lilikuwa linazama ng'ambo ya mto, na nyenje walipiga kelele kama wamelipwa.

Zamani nyimbo zake zilikuwa hazikauki redioni. Vijana wa enzi zile walichumbiana nazo, wakaoana nazo, na sasa wanazikwa nazo. Kesho yake ukumbi wa mji ungefanya tamasha la kuwakumbuka watunzi wa kizazi kile. Wenzake wote walishakuwa picha za ukutani. Yeye ndiye aliyebaki na pumzi, basi yeye ndiye angepigiwa makofi.

Makofi hayakumshughulisha. Alitaka kitu kimoja tu, Verna amwite jina lake.

Verna ndiye aliyeimba sauti ya pili katika nyimbo zake zote. Sasa alikuwa mwaka wa nne kwenye nyumba ya wazee, na ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemkomba kama sufuria. Ajabu ni kwamba nyimbo uliziacha. Ukimwanzishia wimbo wowote wa ujana wao, anaumaliza mpaka neno la mwisho. Kisha anamgeukia mumewe na kumuuliza, "Wewe si yule wa posta? Barua zangu ziko wapi?"

Muuguzi wa zamu, Odessa, alimpokea mlangoni.

"Mzee Royce, leo umechelewa. Kuna mtu wako huko ndani. Wa gitaa."

"Watu wangu wa gitaa wote wako makaburini."

Odessa hakucheka. Alisogea karibu, akashusha sauti. "Wiki iliyopita alikaa na Mzee Clyde, yule mpiga ngoma. Clyde akazinduka. Akataja watu wote, mpaka mbwa wake wa utotoni."

"Akazinduka?"

"Ngoja nimalize, mzee. Ndugu yake alikuwa amekaa naye mle chumbani. Mpaka leo yule ndugu hajui kwake ni wapi. Tumempa kitanda hapa hapa."

Lakini Royce alishaanza kutembea. Mwenye kiu ukimsimulia habari za mto na mamba, yeye husikia mto.

Korido ilinuka dawa ya sakafu, kama siku zote. Ila chini ya dawa kulikuwa na harufu nyingine… moshi wa sigara, na vumbi la spika lililopata moto. Harufu ya studio ya ujana wake. Na katika jengo lile hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuvuta sigara.

Kisha akasikia sauti.

Ting… ting…

Mtu anakaza nyuzi za gitaa.

Mwenye gitaa alikuwa amekaa kando ya kitanda cha Verna, suti nyembamba, nywele nyeusi zimechanwa vizuri, hata mvi moja hana. Royce alimtambua hapo hapo.

Watunzi wa kando ya mto ule walikuwa na sheria moja. Aliyemo chumbani wimbo unapozaliwa ana fungu lake, sawa na mwenzake, hata kama kazi yake ilikuwa kumimina kahawa. Hamuulizani nani kaleta neno gani. Kuuliza ni ushamba. Basi kiangazi kile Royce na rafiki yake Lonnie Pruett walipotunga wimbo wao mkubwa kuliko yote, chumbani walikuwa watatu. Royce alidhani yule wa tatu amekuja na Lonnie. Lonnie alidhani amekuja na Royce. Walipokuja kuulizana, mtu alishaondoka, na jina lake lilikuwa kwenye sahani ya santuri pamoja na yao. Tangu siku ile Lonnie hakuandika tena hata mstari mmoja. Watu wakasema ni wiski.

"Wewe," Royce alinong'ona. "Ulipaswa uwe mzee."

"Wengine hatuna haraka. Kaa. Bibi ameniimbia vizuri sana."

"Unataka nini kwa mke wangu?"

"Tumtungie mmoja. Zile za zamani anazijua zote, ndiyo maana hazimwamshi. Anahitaji mpya."

"Halafu?"

"Halafu atakuita jina."

"Kwa masharti gani?"

Mgeni alimtazama kwa masikitiko, kama mtu aliyetukanwa na rafiki. "Royce. Lini umeanza kuuliza masharti chumbani? Kila aliyemo anapata chake."

Na Royce, mtoto wa mto ule, akaona haya kwa kuuliza. Akavuta kiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu husema. Hawasemi mgeni ataondoka na nini.

"Leta mstari," mgeni akasema. "Wa kweli. Wa uongo haushiki."

Royce akaleta ngazi za kanisa, mvua imekatika, na msichana wa gauni la njano. Gitaa likaupokea mstari taratibu.

Verna akafumbua macho.

"Viatu nilikuwa nimevishika mkononi," akasema. "Ulinicheka."

Miaka minne mwanamke yule hakuwa ametoa maneno yenye kichwa na miguu. Royce alilia bila kujificha. Akaleta mstari mwingine, wa usiku walipojisikia redioni mara ya kwanza, wakasimamisha gari kando ya shamba la pamba na kucheza mbele ya taa zake. Verna akacheka. Akataja rangi ya gari, akaketi wima, akaanza kuimba sauti ya pili.

"Turudi ule wa gauni," Royce akasema. "Tuuongezee kitu."

"Gauni gani?" mgeni akauliza.

Royce akafungua kinywa. Ngazi… kulikuwa na ngazi? Alitafuta. Palikuwa peupe, kama ukutani palipong'olewa picha.

Hapo maneno ya Odessa yakamrudia, safari hii yote, na ya ndugu yake Clyde yamo. Akaelewa. Angeweza kusimama. Mlango ulikuwa wazi, na miguu ilikuwa yake bado.

Verna akamkazia macho. "Nakujua wewe," akasema polepole. "Ngoja… liko hapa ulimini…"

Mungu amsamehe, alilitaka jina lile kuliko alivyojitaka mwenyewe.

"Mwingine," akasema Royce.

Akaleta usiku aliozaliwa Marlena, mtoto wao wa pekee, ambaye kesho angekuja kutoka mji wa Mobile kwa ajili ya tamasha. Theluji ilianguka usiku ule, mahali ambapo theluji haijui njia. Ngumi ya mtoto ilikuwa ndogo kama tunda la pichi changa.

Gitaa likasita. Mgeni akalamba midomo.

"Huu nauchukua mimi," akasema kwa upole. "Fungu langu."

"Huo hapana. Huo wa…"

"Nimo chumbani, Royce."

Uzi ukalia. Verna akaweka mkono tumboni ghafla, kama mtu aliyepitiwa na baridi, kisha akasahau kwa nini ameuweka.

Mstari wa mwisho Royce aliutoa kwa kunong'ona. Gitaa likanyamaza.

"Royce," akasema Verna. Sauti yake ile ile ya zamani. "Royce Tidwell, kikongwe wewe, mbona umekonda hivi?"

Mzee aliyekuwa kwenye kiti akageuka nyuma kutazama nani anaitwa.

Kesho yake jioni Marlena alifika na maua mkononi, na suti ya baba yake ya tamasha begani. Odessa alishampigia simu asubuhi. Alimwambia mama amezinduka, njoo upesi. Mengine alishindwa kuyasema kwenye simu.

Alimkuta mama yake amechana nywele, amekaa wima, anamlisha mzee yule vipande vya andazi la jana. Mzee alikuwa anatafuna kwa adabu na kumwita mama wa posta. Verna alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, lakini akili ilikuwa imetulia ndani ya macho yale. Tangu asubuhi alikuwa amemtajia Odessa kila wimbo, nani aliutunga na nani alifia wapi.

"Mama," Marlena akasema.

Verna akamtazama kwa ukarimu wa watu wa kwao.

"Karibu, binti. Unamtafuta nani?"

"Mama, ni mimi. Marlena."

"Jina zuri hilo." Verna akamfuta mzee makombo kidevuni. "Sisi hatukujaliwa mtoto."

Maua yakaanguka. Marlena alisimama pale mlangoni, na nyuma yake, karibu kabisa na sikio, kukanukia moshi wa sigara.

"Pole, binti," sauti ikanong'ona. "Wanaweza kukukumbuka wote wawili. Ni kutunga mmoja tu."

Ting…

Kando ya kitanda kulikuwa na kiti kitupu. Marlena akakitazama.