Sauti ya Mama Anayesubiri

Kila alasiri, baada ya kuosha vyombo, Kasuku alisimama mlangoni mwa jikoni akasoma kwa sauti. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu aliweza kumwiga yeyote: mtangazaji wa mpira, mwalimu mkuu, hata mlango wa darasa unaolia ukifunguliwa. Kwa hiyo darasa la sita lilipotakiwa kutoa msomaji wa hadithi siku ya wazazi, hakuna aliyebishana.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mama ameandaa chakula, anamsubiri mwanawe aliyesafiri. Msomaji anajua tangu mwanzo kwamba kijana hatarudi. Mama hajui.

Siku ya mazoezi, Kasuku aliisoma kwa kilio. Alitetemesha sauti, akavuta maneno, akajishika kifua. Alipomaliza, darasa lilikuwa linacheka chinichini.

"Unamlilia nani?" mwalimu wa Kiswahili aliuliza.

"Mtoto wake, mwalimu. Si hatarudi?"

"Hilo unalijua wewe. Yeye je?"

Kasuku akaufunua tena ukurasa wa kwanza.

"Kaisome kimya kwanza. Keshokutwa nikikisikia tena kilio hicho, nitampa mwenzako nafasi."

Aliondoka amenuna. Nyumbani aliirudia hadithi, akapunguza kilio hapa, akakiongeza pale, lakini bado alijisikia kama mtu anayejifanya kuumwa tumbo ili asiende shule.

Jioni hiyo kaka yake, utingo wa lori la saruji, alichelewa kurudi. Mama aliifunika sahani yake.

"Ni foleni tu," alisema. "Kula, mwanangu, chakula kinapoa."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Lakini aliifuta meza ambayo alikuwa ameshaifuta, na kila gari lilipopita alinyamaza katikati ya maneno. Kasuku aliacha kula, akawa anamtazama.

Hatimaye kaka akaingia, vumbi la saruji limemjaa mpaka kwenye kope.

"Tulipata pancha, mama, na simu ilizima."

"Nilijua tu," mama alijibu, akavuta kiti na kuketi. Tangu jioni alikuwa hajaketi.

Keshokutwa yake mwalimu alimsikiliza Kasuku mpaka mwisho, akamwachia nafasi yake.

Siku ya wazazi, Kasuku alisimama mbele ya ukumbi uliojaa. Mama wa hadithi aliposema, "Atafika tu," Kasuku aliyasema maneno hayo kwa wepesi, kama habari ya kila siku. Kisha akanyamaza kidogo, kama anayesikiliza hatua za mtu njiani. Ukumbi mzima ukasikiliza naye. Alipofunga kitabu, makofi yalichelewa kuanza.

Mama yake alimfuata nje, macho mekundu.

"Mbona wewe hukulia hata kidogo?"

"Yule mama alikuwa hajui bado," Kasuku alijibu.

Mwalimu, aliyekuwa karibu yao, akatikisa kichwa kukubali. "Kuiga sauti ulianza zamani," alisema. "Sasa umejifunza kusoma. Mwelewe kwanza anayesema: anajua nini, anaogopa nini. Ukishamwelewa, hutahitaji kuwalazimisha watu walie."