Sauti ya Ingrid

Jumamosi ile soko la Mbinga lilifurika. Tadea, ndani ya gauni la kitenge cha njano, aliinamia meza ya samaki akauliza, "Kaka, mbasa huyu bei gani?"

Samaki akamponyoka muuzaji. "Ingrid!"

Tadea akacheka. Alikuwa amekuja nyumbani likizo. Zamani hapa mjini alikuwa msoma masomo kanisani tu. Sasa ni mwaka wa tano anaishi Dar es Salaam, anamwingizia sauti ya Kiswahili mwigizaji wa Kiswidi kwenye tamthilia, yule Ingrid aliyewawekea sumu waume wawili. Sura ya Tadea hakuna aliyeijua. Sauti sasa! Nani asiyeijua?

"Mimi Cuthbert, wa Ngumbo. Mbasa nakupa bure, ila mume wa tatu usimwekee sumu."

"Mume! Hata jina langu hujauliza?"

Likizo yake ikawa ya simu asubuhi hadi jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Umeuza?"

"Nitauzaje na akili yote iko kwako?"

Tadea akampenda, tena akampenda kabisa. Ndipo Cuthbert akampeleka Ngumbo kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

Mama Gertruda hakuitikia. Alifunika chungu cha mboga mbiombio. "Sauti hiyo naijua. Imeua wanaume wawili, na mimi mwanangu ni huyuhuyu mmoja!"

Cuthbert aliinamisha kichwa, kimya. Maneno ya mama yule, Tadea angeyameza. Ule ukimya wa Cuthbert ndio uliomchoma. Alirudi Mbinga akilia, na kwa siku nane hakupokea simu za Cuthbert.

Jumapili alasiri ikaita namba ngeni.

"Wewe ndiye Ingrid?" Ilikuwa sauti ya Mama Gertruda.

"Ni Tadea, mama. Shikamoo."

"Huku umeme umekatika, na leo ndiyo sehemu ya mwisho! Ameshikwa, hajashikwa?"

Tadea akajifuta macho. Akaanza: sauti nzito ya polisi, sauti kavu ya hakimu, kisha Ingrid mwenyewe akilia na kuomba msamaha kizimbani. Huko Ngumbo hakuna aliyekohoa.

"Kafungwa maisha, mama."

"Afadhali!" Mama Gertruda akashusha pumzi. "Na pale alipolia, ulilia kweli?"

"Nililia kweli."

"Nimesikia, mwanangu."

Simu ikanyakuliwa. "Tadea wangu, nisamehe," Cuthbert alisema haraka haraka. "Niliona nikimjibu mama mbele yako utasema sina adabu. Kumbe nimekuacha peke yako. Nilipaswa kusema nakupenda, palepale. Nataka kuleta barua ya posa kwenu. Niilete?"

Moyo wa Tadea ulijaa furaha hadi akakosa sauti, yeye ambaye sauti ndiyo inayomlisha.

"Tadea?"

"Ilete, bwana! Unangoja nini?"

Vigelegele vikapasuka upande wa pili, kisha Mama Gertruda akaichukua tena simu.

"Ile shikamoo ya siku ile, marahaba. Kesho njoo ule mbasa. Ila yule mwenzio mwache hukohuko gerezani."